Jibu: Ukumbi wa tamasha umeshindwa kusoma diski ya filamu yangu

Salamu, ndugu. Umeeleza kwamba filamu yako imekubaliwa katika tamasha la kila mwaka la jiji lenu, linaloendeshwa na chama kisicho cha kibiashara, lakini seva ya ukumbi imeshindwa kusoma diski uliyowapelekea, ilhali kwenye kompyuta yako faili za DCP (muundo wa kidijitali wa filamu za kuonyeshwa kwenye kumbi za sinema) zinafunguka bila tatizo.

Kabla ya kuigusa filamu, kagua kwanza diski yenyewe. Seva nyingi za sinema hutumia mfumo endeshi wa Linux, na desturi ni diski iliyoandaliwa kwa ext2 au ext3, mifumo ya Linux ya kupanga faili; ile iliyoandaliwa kwa mfumo wa exFAT au wa Mac mara nyingi haitambuliwi kabisa. Hilo ndilo lililonikwamisha mara ya kwanza, nikapoteza siku 2 nikitengeneza upya faili ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

Diski ikisomeka na filamu bado ikagoma, angalia idadi ya fremu (picha) kwa sekunde, kwa sababu muundo wa zamani wa DCP uitwao Interop haukubali rasmi fremu 25 kwa sekunde. Na kama umeifunga filamu kwa usimbaji fiche, ukumbi unahitaji KDM, yaani ufunguo wa kidijitali wa kuifungulia, uliotolewa kwa ajili ya seva hiyo hiyo na kwa muda maalumu. Onyesho likihamishiwa ukumbi mwingine saa za mwisho, ufunguo huo haufai tena. Kwa tamasha linalotegemea watu wa kujitolea, mimi hutuma filamu isiyofungwa.

Kwa kuwa hukutaja aina ya seva yao, siwezi kusema zaidi. Waulize, na uwasihi waijaribu filamu nzima, pamoja na sauti na maandishi ya tafsiri, mapema kabla ya onyesho.