Baraka za hija ya Namugongo zinaanzia njiani

Mwezi wa Mei ukikaribia, vijana wa kigango chetu hapa Busia huniuliza: nitajuaje kama miguu yangu itafika Namugongo? Wana haki ya kuuliza. Kufika kule, karibu na Kampala, kupitia Iganga, Jinja na Mukono ni karibu kilomita 200. Mimi huwajibu kwa habari za mashahidi wa Uganda wenyewe, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani, ambao ndio tunaokwenda kuwakumbuka Namugongo kila tarehe 3 Juni.

Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipowahukumu pale Munyonyo, Mei 1886, waliswagwa kwa miguu kuelekea Namugongo, na si wote waliofika. Ponsiano Ngondwe aliuawa njiani. Atanasi Bazzekuketta aliuawa Nakivubo. Gonzaga Gonza, ambaye miguu yake ilikuwa imejaa vidonda vya minyororo, alichomwa mkuki aliposhindwa kuendelea. Karoli Lwanga na wenzake ndio waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu mwaka 1964, aliwatangaza Wakatoliki wote 22 pamoja, aliyefika na asiyefika.

Kwa hiyo ndugu yangu, usipime hija yako kwa kufika. Mama mmoja wa kundi letu alivimba magoti kabla ya Mukono, akalia kwa uchungu, akidhani nadhiri yake imevunjika. Tuliketi naye kando ya barabara nikamsimulia habari za Gonzaga. Akakubali kupanda gari. Tulipofika tukamkuta ametutafutia mahali pa kulala katika umati ule, na kusema kweli sikuona tofauti yoyote kati ya hija yake na yangu.

Jambo la pili, beba nia za wengine. Kabla ya kuondoka, pita kwa wagonjwa, wajane, jirani mliyekosana, uwaulize wanataka uwaombee nini. Kisha kila fungu la rozari mpe mtu mmoja. Siku za kwanza utasali vizuri, kwa maneno mengi. Baadaye malengelenge yakianza na jua likiwaka, maneno yatakuisha. Litabaki jina la mtu na Baba Yetu. Usihuzunike. Mimi naamini sala hizo fupi za mtu aliyechoka Mungu huzipokea kwa upole wa pekee, na ndizo zilizonifundisha kusali.

Jifunze pia kupokea. Hili ni gumu kwa sisi tuliozoea kujitegemea. Karibu na Iganga, mzee Mwislamu alitutolea maji na mihogo ya kuchemsha, akasema, “Nendeni, mkatuombee na sisi.” Hakutaka hata shilingi. Jina lake lilisomwa katika nia zetu kila jioni mpaka mwisho wa safari. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili, umwombee aliyekupa akiwa anasikia.

Kuhusu mwili nitasema machache: vaa raba ambazo mguu umeshazizoea, ondokeni alfajiri, mwendo uwe wa yule mdhaifu kuliko wote, na mtembee kwa mstari mkitazamana na magari, maana barabara ile ina malori mengi.

Ukishafika, ukahudhuria Misa kwenye basilika na kuchota maji yako kwenye ziwa dogo la pale, usikimbilie gari la kurudi nyumbani. Nenda na upande wa Waanglikana, hapo hapo Namugongo. Wao wana mashahidi 23, na siku ile ya Juni vijana wa madhehebu yote mawili walikufa pamoja. Papa Fransisko alipokuja Novemba 2015 alianza kwao ndipo akaja kuadhimisha Misa kwetu. Piga magoti pale pia, na kama kuna Mwanglikana katika ukoo wako, mwombee kwa jina.