Shabbos au Shabbat: umwamkie vipi mwenye nyumba wako

Dada, umeuliza kwa nini mwenye nyumba wako huko Brooklyn husema “Shabbos” na mwalimu wako wa Kiebrania “Shabbat”, yaani Sabato, siku ya mapumziko ya Wayahudi. Wote wako sahihi. Neno hilo huishia na herufi ya Kiebrania iitwayo tav; ikiwa haina nukta ndani, Waashkenazi, yaani Wayahudi wa Ulaya Mashariki, waliisoma “s”. Kiebrania cha Israeli huisoma “t”, na Wayahudi wa Yemen, kwa jadi yao nzuri mno, “th” kama ya “thelathini”. Hata Kiyidishi, lugha ya Waashkenazi hao, kina lahaja: neno la “njema” katika salamu, wa Lithuania husema “gut”, wa Poland “git”.

Basi Ijumaa jioni, Sabato inapoanza, mwitikie mwenye nyumba vilevile anavyokuamkia. Darasani mfuate mwalimu. Tafadhali usimsahihishe mzee huyo, hayo ni matamshi ya wazazi wake. Ukiombwa kusoma sala sinagogini, muulize kwanza rabi wanatamkaje.