Jibu: Namba za milango hazikai katikati ya duara

Sheikh, umeuliza kwa nini namba za milango kwenye ramani yako ya nyumba ya Chake Chake hazikai katikati ya duara, na kwa nini huruka ukizirekebisha. Kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, maandishi ya mstari mmoja hushikiliwa kushoto, usawa wa kitako cha herufi, usipochagua vyengine. Andika amri ya TEXT, kisha J (Justify, pa kushikia maandishi), kisha MC (Middle Center, katikati kabisa), halafu bofya kitovu cha duara. Usichukue M (Middle) peke yake: hiyo huhesabu na mikia ya herufi kama g na y, wakati MC hupima kimo cha herufi kubwa tu.

Namba zilizokwishaandikwa usizibadilishe kwenye Properties, dirisha la sifa za mchoro. Hapo nukta ya kushikia hubaki, maneno ndiyo yanayohama, ndiyo maana huruka. Tumia amri ya JUSTIFYTEXT uchague MC, maneno yatulie ihame nukta. Kisha zihamishe kwa MOVE, kutoka nukta hiyo hadi kitovu.

Namba za jedwali la vipimo zipe MR (Middle Right, kushikwa kulia), mamoja yakae chini ya mamoja. Align, chaguo jengine la J, iache kabisa: hubadilisha kimo ili maneno yajaze nafasi baina ya nukta mbili, basi "Jiko" litatoka kubwa kuliko "Chumba cha wageni". Fit, nayo chaguo la J, hulinda kimo lakini huzibana au huzitanua herufi, nayo haipendezi.