Ukienda Bow Street, anzia selo

Wageni wakifika London wengi huomba kupelekwa kwenye habari za Jack the Ripper, yule muuaji wa karne ya 19 asiyejulikana hadi leo. Mimi nashauri Bow Street, pale Covent Garden, mkabala na Royal Opera House. Mahakama ya hapo ilifungwa mwaka 2006, sehemu kubwa ya jengo ikawa hoteli, na mwaka 2021 upande wa kituo cha zamani cha polisi ukafunguliwa jumba dogo la makumbusho. Halifunguliwi kila siku, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kutoka nyumbani.

Ukiingia, usikimbilie maelezo ya ukutani. Ingia selo kwanza, ukae humo kimya kidogo. Mwandishi Oscar Wilde alilala mahabusu Bow Street mwaka 1895, lakini wengi waliofungiwa humu walikuwa walevi, makahaba na wezi wa mifukoni ambao hakuna aliyeandika habari zao. Ukishaonja ule ufinyu, kizimba cha mahakama nacho utakitazama kwa jicho jingine.

Sehemu ya kusoma taratibu ni ile ya karne ya 18. Wakati huo kukamata wezi ilikuwa biashara ya watu binafsi. Jonathan Wild alijipatia jina kwa kuwarudishia watu mali zao zilizoibwa, kumbe wezi wenyewe walikuwa watu wake. Alinyongwa mwaka 1725. Mwaka 1749 hakimu Henry Fielding akakusanya watu wachache wa kuaminika, wakaja kujulikana kama Bow Street Runners. Mdogo wake John, aliyekuwa kipofu, akaiendeleza kazi hiyo. Hata hivyo, wao pia waliendelea kupokea zawadi za fedha kwa waliowakamata. Yeyote aliyewahi kuombwa hela ya mafuta ndipo kesi yake ishughulikiwe ataona mara moja hatari iliyokuwepo.

Kabla hujaondoka, zungumza na wahudumu, na uwaulize kuhusu Norwell Roberts. Huyu alijiunga na polisi wa London mwaka 1967, mtu mweusi wa kwanza katika zama hizi, akapangiwa kituo hikihiki. Askari wenzake walimnyanyasa kwa rangi yake, lakini alitumikia miaka 30, na mwaka 1996 akapewa nishani ya Malkia. Kama umekwenda na watoto wanaokulia huku, wape muda wa kuuliza maswali palepale. Watakuwa nayo mengi.