Karatasi za Kukatia

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama uende ukachore picha za kupangia filamu, hali wenyewe wameshakwambia huenda isitoke, au ubaki na katuni zako. Ukanitajia na Mwingereza wako, Brendan McCarthy. Nimemsoma jana, cherehani nimeizima.

Alianzia kwenye magazeti ya katuni, akamchora Judge Dredd, jaji wa kwenye katuni. Filamu ya Mad Max 2 ikamtia wazimu, akatunga Freakwave akitaka iwe filamu. Hakuna aliyeinunua, akaifanya katuni. Baadaye akaenda Australia kwa George Miller, mwongozaji wa Mad Max mwenyewe, wakatengeneze Mad Max nyingine, Fury Road.

Hapo nilisoma mara mbili. Filamu nzima ilichorwa kwanza, yeye na wachoraji wenzake wachache, picha kama 3,500, zikabandikwa ukutani. Kila gari lililopinduka lilikuwa limeshapinduka kwenye karatasi. Kisha mambo yakakwama mwaka 2003: vita vya Iraq, dola ya Marekani ikashuka thamani. Wakajipanga tena warekodi jangwani Broken Hill, huko huko Australia. Mvua ikanyesha, jangwa likachanua maua! Wakaishia Namibia, 2012. Fury Road ikatoka 2015, ikazoa Oscar 6, na mchoraji wako jina lake liko kati ya waandishi watatu wa filamu.

Unazikumbuka karatasi zangu za kaki za kukatia nguo? Nyuma ya mojawapo ulichora farasi, ukiwa darasa la tatu. Ilikuwa ya gauni la bibi harusi, na nilipoikata masikio ya farasi yakaangukia kwapani. Mteja hakurudi kulichukua, wala salio sikuliona. Karatasi ile nimeshonea maharusi wengine wanne.

Basi nenda. Ila ulipwe kwa mwezi, usikubali kungoja filamu itoke. Mimi gauni lile lilinifunza. Na waandike kwenye mkataba jina lako litatokea wapi. Wewe una aibu ya kuuliza mambo ya pesa, umeirithi kwa baba yako. Katuni nazo chora usiku. McCarthy alitoa katuni yake Spider-Man: Fever mwaka 2010, filamu yake bado iko ukutani.

Farasi wako nampakia kwenye basi la Ijumaa, kamkute stendi. Nimemviringisha ndani ya bomba la plastiki, usimkunje.

Mama yako