Maswali yenu kuhusu wapigaji wa NFL: leo nayajibu

Tangu niandike kidogo kuhusu Super Bowl, ile fainali ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani), inbox imejaa maswali ya wale jamaa wanaoingia uwanjani mara chache, wanapiga mpira, wanarudi kukaa. Nimechagua machache, twende.

"Kaka, kwenye klipu za futiboli ya Marekani namwona jamaa mmoja jezi safi haina hata tope, anaingia, anapiga, anatoka. Hiyo nayo ni kazi ya kulipwa?" (Mbeya)

Ni kazi, tena ndo inayoamua mechi nyingi kuliko unavyodhani. Timu ikikwama, imeshindwa kusogea hadi eneo la kufungia, inamwita huyo apige mkwaju wa pointi 3. Gozi lipite katikati ya nguzo mbili zenye nafasi ya mita 5.6 hivi, na lipite juu ya mtambaa panya ulio mita 3 kutoka chini. Na timu ikifunga tachidauni (ikiufikisha mpira eneo la kufungia) anaingia tena kutafuta ile pointi 1 ya nyongeza, ambayo zamani ilikuwa ya kupewa tu mpaka 2015 walipoirudisha nyuma ikawa mkwaju wa yadi 33, kama mita 30, na ghafla watu wakaanza kuikosa.

Sasa usichokiona kwenye klipu ni kwamba hayuko peke yake, wako watatu. Wa kwanza ameinama, anaurusha mpira kwa nyuma kupitia katikati ya miguu yake, kama yadi 7. Wa pili kapiga goti, anaudaka, anausimamisha kwenye nyasi, anauzungusha ili zile kamba zake zitazame golini (kamba zikigusana na mguu mpira unaweza kwenda popote unapotaka wenyewe), anaushika kwa kidole kimoja. Na wakati huo wote mpigaji keshaanza kukimbia, yaani anaufuata mpira ambao bado haujasimama, kwa imani tu. Kutoka mpira unarushwa hadi unapigwa ni sekunde moja na ushei, karibu 1.3, huku majitu ya kilo 130 yanakuja mikono juu. Mmoja kati ya hao watatu akiteleza kidogo, lawama zote kwa mpigaji, jina lake ndo linasomwa kwenye taarifa.

"Nani mkali wao wa muda wote?" (Dar)

Mtabishana sana. Kwa usahihi wa mguu kuna watakaokutajia Justin Tucker aliyekuwa Baltimore na sitagombana nao, ila mimi namchukua Adam Vinatieri bila kufikiria mara mbili.

Huyu mzee alitoka South Dakota, chuo chake South Dakota State, na alipomaliza hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, pale timu zinapogawana wachezaji wa vyuo. Ikabidi aende Uholanzi kuchezea Amsterdam Admirals, kwenye ile ligi waliyokuwa nayo Ulaya, ndo 1996 New England Patriots wakamchukua. Msimu huohuo wa kwanza alimkimbiza Herschel Walker wa Dallas aliyekuwa anakimbia na mpira kwenda kufunga, akamkamata akamwangusha, na Walker alikuwa na spidi ya mwanariadha kweli. Kwa hiyo ndugu yangu wa Mbeya, wengine jezi zinachafuka. (Halafu kuna hii: babu wa babu yake, Felix Vinatieri, Mtaliano, aliongoza bendi ya jeshi la Custer, kamanda wa Marekani, na ile vita ya Little Bighorn ya 1876 iliyowamaliza wenzake, bendi ilikuwa imeachwa nyuma.)

Lakini mechi yenyewe ni ya tarehe 19 Januari 2002, mtoano dhidi ya Oakland Raiders, usiku, theluji inamwagika hadi mistari ya uwanja haionekani. Dakika za lala salama, Patriots wako nyuma 13 kwa 10, taimauti (nafasi za kusimamisha mchezo) zimeisha kwa hiyo hakuna nafasi ya kusafisha pale anapopigia, na lango liko yadi 45, kama mita 41. Kwenye theluji huwezi kuupiga kwa nguvu zote maana mguu wa kusimamia ukiteleza umekwisha, kwa hiyo akapunguza mwendo, akaupiga mpira ukaenda chini chini hivi, unatambaa hewani, watu hata hawauoni vizuri ukipita, na ukapita. 13 kwa 13. Wakaenda muda wa nyongeza, akapiga mwingine wa yadi 23, safari hii wenzake walipata muda wa kufagia theluji kwa viatu, 16 kwa 13, kwisha habari.

Wiki mbili baadaye, Super Bowl New Orleans, akapiga wa yadi 48 saa inaisha, Patriots 20 St. Louis Rams 17. Miaka miwili tena, Houston, yadi 41, wakaifunga Carolina 32 kwa 29. Akahamia Indianapolis Colts 2006, akachukua ubingwa msimu huohuo, wa nne wake. Alimaliza na pointi 2,673, hakuna mtu kwenye historia ya NFL aliyefika hapo, si kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi) si nani. Ila ukiniuliza mimi ningemchagua hata kama angekuwa na ule wa theluji peke yake.

"Akikosa je? Anafukuzwa siku hiyohiyo?" (Nakuru)

Siku hiyohiyo mara chache, Jumanne inayofuata ndo uangalie simu. Timu inabeba mpigaji mmoja tu, hakuna wa kukaa benchi kumsubiri, na ikitaka kubadilisha inaita wengine kama watano sita wajaribiwe mbele yake, anayepiga vizuri anapewa jezi, mwingine anafungashiwa virago. Hata ukiwa umechaguliwa juu kwenye drafti haisaidii: Roberto Aguayo alichukuliwa na Tampa Bay raundi ya pili 2016, jambo ambalo kwa wapigaji ni nadra sana, na mwaka uliofuata kabla msimu haujaanza walishamtema.

Wa Chicago Bears, Cody Parkey, yake inauma. Novemba 2018 aligonga nguzo mara nne kwenye mechi moja! Mara nne, hata ukitaka kwa makusudi huwezi. Halafu Januari 2019 mtoano na Philadelphia, Bears wako nyuma 16 kwa 15, yadi 43, mpira ukaguswa kidogo na kidole cha beki, ukagonga nguzo, ukashuka ukagonga mtambaa panya, ukarudi uwanjani. Mji mzima ukamgeuka. Kampuni moja ya bia ikawaita mashabiki waliokuwa wanajifanya wangepiga, njooni mjaribu huohuo wa yadi 43, foleni ikawa ndefu, na hakuna hata mmoja aliyepata. Parkey akaachwa hata hivyo.

Scott Norwood wa Buffalo Bills ni tofauti kidogo. Super Bowl ya Januari 1991, yadi 47, ukapita pembeni kulia, New York Giants wakashinda 20 kwa 19. Kesho yake timu ikarudi Buffalo, watu maelfu wamejaa mjini na wakaanza kumwita yeye kwa jina, wanamtaka aje mbele wamshangilie. Akaja analia. Alicheza msimu mmoja zaidi ndo wakaachana naye.

"Kwa nini kocha wa wapinzani anaomba taimauti pale jamaa anapotaka kupiga? Si uhuni huo?" (Dodoma)

Uhuni halali. Wanataka akae pale afikirie. Wapigaji wengi siku hizi wanautumia huo muda kupiga wa majaribio, kwa hiyo saa ingine kocha amemsaidia adui. Mimi naona wanafanya basi tu ili kesho wasiulizwe mbona hukufanya kitu.

"Wanalipwa kama mastaa wengine?" (Dada mmoja wa Mombasa)

Hapana dada yangu. Harrison Butker wa Kansas City, aliyewapigia mkwaju wa ushindi kwenye Super Bowl ya Februari 2023, mwaka 2024 alisaini miaka minne kwa dola milioni 25.6, na hapo alikuwa juu ya wapigaji wenzake wote. Ni kama milioni 6.4 kwa mwaka. Mwezi uliofuata Dak Prescott, kwotabeki wa Dallas, akasaini ya milioni 60 kwa mwaka. Usiwaonee huruma sana lakini, mwili wao unadumu: Morten Andersen, Mdenmark aliyeenda Marekani kama mwanafunzi wa kubadilishana, alipiga hadi miaka 47. Vinatieri alicheza misimu 24, mwisho wake 2019 goti likamsumbua, akakosa mikwaju ambayo zamani angeipiga usingizini, ila aliondoka kwa heshima.

"Nina miaka 24, nacheza soka ligi ya mkoa, mguu wangu wa kushoto ni bunduki. Naweza kujaribu huko?" (Mwanza)

Mdogo wangu, soka ndo lililobadilisha kazi hii. Zamani walikuwa wanakuja moja kwa moja wanapiga kwa kidole cha mguu, mpaka Pete Gogolak, aliyezaliwa Hungary, akaja na Buffalo 1964 anapiga kwa kukata pembeni kama wachezaji wetu, na leo wote wanapiga hivo. Miaka ya 80 Wanigeria wawili, Obed Ariri na Donald Igwebuike, walipita chuo cha Clemson wakafika Tampa Bay, mmoja kamrithi mwenzake palepale.

Na mfano wako wewe ni Brandon Aubrey. Alikuwa beki, Toronto FC wakamchukua 2017, soka halikwenda, akaacha akawa anaandika programu za kompyuta ofisini. Siku moja wanaangalia NFL na mke wake, mpigaji kafanya yake, mke akamwambia hii hata wewe unaweza. Akatafuta kocha, akajifua miaka kadhaa baada ya kazi, akapita ligi ndogo na Birmingham Stallions, 2023 Dallas Cowboys wakamsajili ana miaka 28. Alipiga 35 mfululizo mwanzo wa maisha yake ya NFL bila kukosa hata mmoja, rekodi.

Lakini angalia, aliyafanya hayo akiwa tayari Marekani. Kwa huku kwetu mlango ni mwembamba: NFL walishafanya kambi Nairobi 2023, na Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akaenda moja kwa moja Colts 2013, timu moja na Vinatieri, ila alienda kukaba. Nguvu ya mguu peke yake haitoshi. Mpira ule hauna umbo la mviringo, tafuta hata mmoja wa raga, mwambie mwenzako aushike kwa kidole, rudi hatua tatu nyuma na mbili pembeni, piga. Jirekodi video kwa nyuma uone unapinda wapi. Ukianza kuona unapita yadi 50 mara nyingi kuliko unavyokosa, niandikie tena tuongee mambo ya visa.

"Mkwaju mrefu kuliko yote?" (Arusha)

Yadi 68, Cam Little wa Jacksonville, Novemba 2025 kule Las Vegas. Kabla yake Tucker alikuwa na wa 66 aliopiga kule Detroit 2021, uliogonga mtambaa panya ukarukia ndani. Na kabla ya hao wote, Tom Dempsey alipiga 63 mwaka 1970 akiwa amezaliwa hana vidole kwenye mguu wa kulia, ndo huohuo aliopigia.