Mtoto wa mbwa na mlio wa bunduki

SWALI: Tumepata mtoto wa German Shorthaired Pointer, aina ya mbwa wa kuwinda, wa wiki kumi. Mume wangu anataka mbwa wa kila kazi: aonyeshe ndege alikojificha, afuate mnyama aliyejeruhiwa, alete bata kutoka majini. Watoto wanataka wa kucheza naye. Je, watamharibu? Na bunduki aisikie lini?

JIBU: Dada, waache wacheze. Mbwa wa aina hii akifungiwa bandani peke yake ndipo anapoharibika. Ila wasivutane naye kitambaa. Atazoea kung'ang'ania, na kesho bata atafika mkononi katafunwa.

Bunduki ndiyo ya kuogopa. Msimpeleke kwenye uwanja wa shabaha eti azoee. Wengi huharibikia huko, na woga wa mlio hautibiki kirahisi. Ngojeni kwanza apende kukimbiza ndege. Akiwa katikati ya mbio, mtu aliye mbali sana apige risasi baridi moja, yaani ya mlio tu. Asipogeuza hata sikio, siku nyingine mpigaji asogee kidogo. Akisita, acheni hapo hapo.

Kuhusu maji, tafuteni penye kina kifupi, yasiwe ya baridi, na mtu atangulie kuingia. Kumtupa ni ukatili, tena hakumfundishi lolote. Mumeo avue viatu.